Bima ya Gari Ikishakwisha: Namna ya Kuikata Upya Bila Kuacha Mwanya

Hati ya bima ya gari hapa Tanzania huandikwa siku na saa ya kuanza, kisha siku na saa ya kuisha, na katika hati nyingi saa hiyo ya kuisha huangukia usiku wa manane. Mwenye gari anaweza kulala akiwa na bima na kuamka asubuhi hana, ilhali gari ni lile lile, funguo ziko mahali pale pale, na safari ya kazini ni ile ya kila siku. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kumwonya. Ndiyo maana watu wengi hugundua kwamba bima yao imekwisha pale tu askari wa usalama barabarani anapoingiza namba ya gari kwenye mashine yake, au vibaya zaidi, pale wanapokuwa wamesimama kando ya barabara wakitazama gari lililopondeka.

Kwa lugha yetu tunasema kuhuisha bima, yaani kuipa uhai tena, na nadhani neno hilo limewapotosha wengi. Linamfanya mtu aamini kwamba bima iliyokwisha imezimia tu, na kwamba akilipa leo itazinduka na kuendelea pale ilipoishia, ikizifunika hata zile siku alizochelewa. Sivyo ilivyo. Bima iliyokwisha muda imekufa, na unachokata leo ni mkataba mpya unaoanza katika saa iliyoandikwa juu yake na kwenda mbele. Siku zilizo katikati, ziwe mbili au tisini, zitabaki bila kinga daima, na hakuna malipo yoyote ya halali yanayoweza kuzirudia. Mengi nitakayoeleza hapa chini yanatokana na jambo hilo moja.

Kwanza, liache gari lilipo

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kumruhusu mtu mwingine alitumie, bila kuwa na bima inayokinga angalau kifo na majeraha ya watu wengine yanayotokana na matumizi ya gari hilo. Naomba msomaji alizingatie hilo la kumruhusu mtu mwingine. Ukimpa fundi funguo ili akalijaribu gari barabarani, au ukamtuma kijana wa nyumbani akalioshe mtaa wa pili, na bima imekwisha, kosa ni lako pia ingawa hukuwamo ndani. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya simu yoyote kwa wakala, ni kuliegesha gari ndani ya uzio au mahali pa salama na kuwaambia wote wanaolitumia kwamba halitoki.

Wengi hujitetea kwamba wanalazimika kuendesha hadi kwenye ofisi ya bima ili wakaikate. Si kweli. Bima ndogo, yaani ile inayokinga watu wengine tu, inaweza kukatwa bila gari kuonekana kabisa, na bima kubwa, ile inayokinga pia gari lako mwenyewe, inahitaji ukaguzi ambao mkaguzi anaweza kuja kuufanya nyumbani kwako, au ambao baadhi ya kampuni huukamilisha kwa picha. Ukiambiwa ulete gari ofisini, eleza wazi kwamba halina bima na uombe mkaguzi aje. Kampuni inayokutaka uvunje sheria ili uwe mteja wake inafaa kufikiriwa mara mbili.

Gari likiwa limetulia, thibitisha ni lini hasa bima ilikwisha. Usitegemee kumbukumbu, wala karatasi iliyokunjwa kwenye droo ya gari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TIRA, ina mfumo wa TIRA MIS unaopatikana kwenye tovuti ya tiramis.tira.go.tz, ambamo mtu yeyote anaweza kuhakiki bima kwa kutumia namba ya usajili wa gari, namba ya stika au namba ya kava noti, yaani hati unayopewa ukishakata bima. Utaona kampuni iliyotoa bima hiyo, siku ilipoanza na siku inapokwisha. Wapo watakaokuta kwamba bado wana siku kadhaa, nao watashukuru. Wapo watakaokuta imekwisha wiki tatu nyuma kuliko walivyodhani, kwa sababu walihesabu mwaka kuanzia siku waliyoipokea karatasi mkononi badala ya siku iliyoandikwa. Na wapo watakaokuta kwamba bima yao haikuwahi kuwemo.

Hilo la mwisho lilinipata mimi. Miaka michache iliyopita nililipia bima ndogo kwa mtu aliyekuwa na meza kando ya kituo cha mafuta, akanipa karatasi yenye nembo, muhuri na sahihi, nami nikaiweka kwenye droo na kuendelea na shughuli zangu. Nilipokuja kuihakiki wiki mbili baadaye, haikuonekana popote. Katika wiki hizo mbili nilikuwa nimesafiri na watoto kwenda Morogoro na kurudi, nikiwa na hakika kabisa kwamba nina kinga. Tangu siku hiyo sihesabu kwamba nimekata bima mpaka nimeiona kwenye mfumo kwa macho yangu.

Jambo dogo kuhusu saa: hati hizi hutumia saa za kizungu za mzunguko wa saa 24. Iliyoandikwa 23:59 ni dakika moja kabla ya saa sita usiku wetu, na iliyoandikwa 12:00 ni adhuhuri, si saa kumi na mbili. Nimeshuhudia mtu akibishana kwa bidii kwamba bima yake ilikuwa hai hadi magharibi, kwa kuisoma 12:00 kama saa kumi na mbili jioni, na alikuwa amekosea kwa saa sita nzima.

Ikiwa kuna lililotokea ndani ya mwanya

Kabla ya kwenda mbele, jiulize kama tangu siku ile bima ilipokwisha gari limegongwa, limegonga, limekwaruzwa au limeibwa kitu. Kama hakuna, ruka sehemu hii. Kama lipo, soma polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapojiingiza kwenye makosa makubwa kuliko lile la kuchelewa.

Kishawishi kinachokuja ni kukata bima leo na kudai kwamba ajali ilitokea kesho, au kumtafuta mtu atakayekubali kurudisha tarehe nyuma. Mfumo huandika saa ambayo kava noti imetolewa. Polisi huandika saa ambayo tukio limeripotiwa na kupima eneo la ajali. Hospitali huandika saa ambayo majeruhi amepokelewa, na simu huhifadhi saa ambayo picha imepigwa. Mtathmini wa hasara anayetumwa na kampuni kazi yake ni kuziweka saa hizo pamoja, na zikipishana, kampuni haitaishia kulikataa dai hilo tu. Inaweza kuuvunja mkataba wote kwa udanganyifu, na suala likafika polisi. Mtu aliyekuwa na deni la kutengeneza taa na bampa anajikuta ana kesi ya jinai.

La kufanya ni kuripoti ajali polisi kama ilivyotokea, kumsaidia aliyeumia, na kukubali kwamba gharama ya hasara hiyo ni yako. Ikiwa kuna mtu aliyejeruhiwa au kufariki, tafuta wakili mapema, kwa kuwa fidia ambayo kampuni ya bima ingeibeba inaweza kuamriwa itoke kwenye mali yako mwenyewe. Kisha, unapojaza fomu ya bima mpya, taja ajali hiyo. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu kutoka kwa anayekata bima, na jambo lolote ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni au kiasi cha ada ni lazima lisemwe hata kama hukuulizwa.

Kuchagua bima, na kuliandikisha gari kwa thamani yake ya kweli

Kwa kuwa unaingia mkataba mpya, hulazimiki kurudia ule wa zamani. Bima ndogo huwakinga wengine dhidi ya gari lako: abiria wa gari jingine, mwenda kwa miguu, mwenye bodaboda uliyemgonga, na kwa mipaka iliyoandikwa kwenye mkataba, mali zao. Gari lako mwenyewe likiharibika au likiibwa, haitoi hata shilingi. Bima kubwa huongeza kinga ya gari lako kwa ajali, moto na wizi. Katikati ipo inayokinga watu wengine pamoja na moto na wizi, ambayo haitajwi sana na mawakala, lakini kwa mwenye gari la umri mkubwa anayeishi eneo lenye wizi wa magari inafaa kuulizwa.

Kwa gari dogo la matumizi binafsi, kiwango cha chini kilichozoeleka kwa Tanzania Bara ni shilingi 100,000 kwa bima ndogo, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 inakuwa 118,000. Kwa bima kubwa hesabu huwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, pamoja na kodi hiyo hiyo. Gari la shilingi 15,000,000 litakuwa na ada ya 525,000, kodi ya 94,500, na jumla ya 619,500. Hivi ni viwango vya chini vinavyosimamiwa na TIRA, kwa hiyo mtu anayekuahidi bima ndogo kwa nusu ya bei hakufanyii hisani. Mara nyingi anakuuzia karatasi tupu.

Kwenye thamani ya gari ndipo ninapoomba uchukue muda. Kosa la kawaida ni kunakili thamani iliyokuwa kwenye bima ya mwaka jana, ambayo nayo ilinakiliwa kutoka mwaka juzi, hadi gari likawa linalipiwa kwa bei lililonunuliwa bandarini miaka mitano iliyopita. Likiteketea, kampuni itaangalia bei ya soko ya siku ya tukio, na ada yote ya ziada uliyolipa itakuwa imepotea bure. Kosa la upande wa pili ni kushusha thamani ili ada ipungue. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 16,000,000 nawe ukaliandikisha kwa 12,000,000. Umekata bima ya robo tatu ya gari, na kampuni ambayo mkataba wake una kipengele cha uwiano inaweza kukulipa robo tatu tu ya kila hasara: matengenezo ya 4,000,000 yatalipwa 3,000,000, na bado utakatwa ile sehemu ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe, ambayo watu wa bima huiita eksesi. Pita kwenye yadi mbili tatu, tazama bei za magari ya aina, mwaka na hali kama ya lako, kisha andika bei ya leo.

Uliza pia kuhusu punguzo la kutodai. Ikiwa kwa mwaka mmoja au zaidi hukuwahi kupeleka dai lolote, bima kubwa nyingi hupunguzwa ada kwa sababu hiyo, lakini mwanya kati ya bima mbili unaweza kulifuta punguzo hilo, hasa ukiwa mrefu. Kama unahamia kampuni nyingine, iombe ile ya zamani barua inayoeleza historia yako ya madai. Mwanya wa siku chache, ukielezwa kwa ukweli na kuambatanishwa na barua hiyo, husamehewa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Matumizi ya gari yaandikwe kama yalivyo

Hapa natamani kila mwenye gari dogo aliyeko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma anisikilize, kwa sababu magari yamebadilika kazi na bima zake hazikubadilika. Mtu alinunua gari la familia, akalikatia bima ya matumizi binafsi, kisha maisha yakambana akaliingiza kwenye teksi mtandao, au akawa analikodisha kwa harusi mwisho wa wiki, au analitumia kupeleka mizigo ya wateja wa dukani kwake. Bima ilipokwisha, akaihuisha kwa maneno yale yale: matumizi binafsi. Siku atakapopata ajali akiwa na abiria aliyemlipa nauli, kampuni itakuwa na hoja nzito ya kukataa dai lake la gari, kwa kuwa hatari iliyokubali kuibeba ilikuwa ya mtu anayekwenda kazini na kurudi, na si ya gari linalozunguka mjini saa kumi na nne kwa siku. Sheria inaweza kuibana kampuni imlipe mtu wa nje aliyejeruhiwa na mahakama ikampa haki yake, lakini kampuni nayo inaweza kukugeukia wewe kudai fedha hiyo.

Bima ya biashara ni ghali zaidi, na kwa magari ya abiria huhesabiwa pia kwa idadi ya viti. Najua kwamba kwa anayeishi kwa pato la siku tofauti hiyo inauma. Hata hivyo ni afadhali kulipa bima ndogo ya biashara iliyo ya kweli kuliko bima kubwa ya binafsi ambayo haitakulipa.

Mabadiliko ya gari lenyewe yana uzito huo huo. Wengi wamefunga mfumo wa gesi asilia ili kupunguza gharama ya mafuta, na mtungi ulio nyuma ya gari ni jambo ambalo kampuni inapaswa kulijua. Iambie na ambatanisha cheti cha karakana iliyoufunga. Injini iliyobadilishwa, rangi mpya, rimu za bei kubwa na redio iliyoongezwa navyo viandikwe. Injini na rangi zikitofautiana na zilizo kwenye kadi ya gari, peleka kwanza marekebisho kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ili nyaraka zote ziseme jambo moja.

Nyaraka na ukaguzi

Utahitaji kadi ya gari au nakala yake inayosomeka, kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, namba ya mlipakodi, na hati ya bima ya zamani kama unayo. Kwa bima ndogo yanatosha, na kazi nzima inaweza kuisha ndani ya saa moja.

Bima kubwa ina hatua ya ziada. Kampuni iliyolikagua gari lako mwaka jana na kukuona ukihuisha kabla ya muda kuisha inaweza kuendelea bila kuliona tena, lakini mwanya ukishatokea tegemea ukaguzi mpya, kwa sababu haijui gari lilipitia nini katika siku ambazo halikuwa na kinga. Lioshe gari kabla ya mkaguzi kufika. Kama ni picha, zipige mchana: mbele, nyuma, pande zote mbili, kioo cha mbele, namba ya chesisi, na dashibodi ikionyesha kilomita. Michubuko na mibonyeo iliyopo usiifiche. Itaje mwenyewe na uhakikishe imeandikwa kwenye ripoti, kwani iliyoandikwa leo haitaleta ubishi kesho juu ya kipi ni kipya na kipi ni cha zamani.

Ukaguzi unaweza kuchukua siku moja au mbili, nawe labda una safari. Kampuni kadhaa hukubali ukate bima ndogo leo ili gari liwe halali barabarani, kisha ukaguzi ukikamilika ulipe tofauti na mkataba upandishwe kuwa bima kubwa. Uliza kama inawezekana, na kama ile ada ya kwanza itahesabiwa, kabla ya kulipa. Kumbuka tu kwamba katika siku hizo gari lako lenyewe halina kinga dhidi ya wizi wala ajali.

Tatizo linalowakwamisha wengi ni jina. Gari lilinunuliwa kwa mtu, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa mwanasheria, lakini umiliki haukuhamishwa TRA, na kadi bado ina jina la muuzaji aliyehamia mkoa mwingine. Bima ikikatwa kwa jina la muuzaji, fidia inaweza kumfuata yeye. Ikikatwa kwa jina lako huku kadi ikisema vingine, kampuni itakuuliza una haki gani juu ya gari hilo. Dawa yake ni kuhamisha umiliki, na wakati huu ambapo gari limeegeshwa ndio wakati mzuri wa kulimaliza. Ikiwa huwezi kungoja, ieleze kampuni ukweli na uipe nakala ya mkataba wa mauziano. Kama mwenye jina amefariki, mwenye mamlaka ya kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na familia isijaze fomu kwa jina la marehemu kana kwamba yuko hai.

Kulipa, kisha kuhakiki

Kwa utaratibu wa hapa kwetu kinga haianzi mpaka ada imelipwa. Ahadi ya mdomo, fomu uliyosaini au ujumbe wa wakala unaosema "usijali, nimeshakuwekea" havifanyi gari liwe na bima. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wake, kupitia benki au simu. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujathibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Kama unamtumia wakala au dalali wa bima, hakikisha amesajiliwa na TIRA, na dai risiti ya kielektroniki.

Ukipokea kava noti, isome kabla ya kugusa funguo. Angalia namba ya usajili herufi kwa herufi, namba ya chesisi, jina lako, aina ya bima, matumizi ya gari, thamani, na saa ya kuanza. Hili la saa ya kuanza lina watu lililowaumiza: mtu analipa asubuhi, anaona ujumbe wa malipo, anaondoka, kumbe hati imeandikwa kuanza usiku wa siku hiyo au kesho yake. Kisha rudi kwenye TIRA MIS na uingize namba ya gari. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na kile atakachokiona askari ndicho utakachokiona wewe. Kisipoonekana, mpigie aliyekuuzia papo hapo na uliache gari hadi kionekane. Hifadhi nakala kwenye simu, na mtumie pia anayeshirikiana nawe kuliendesha gari hilo.

Kampuni ikikataa kurekebisha kosa, au baadaye ikakataa dai ambalo unaamini ni halali, iandikie kwanza barua na utunze nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya wananchi wenye malalamiko ya namna hiyo, na TIRA yenyewe hupokea malalamiko. Nyaraka zako zikiwa na tarehe na saa zinazokubaliana, una kesi ya kuzungumza.

Wenye mambo ya ziada

Aliyenunua gari kwa mkopo asome mkataba wake na benki, kwa sababu kwa kawaida unamtaka awe na bima kubwa muda wote huku benki ikiandikwa kama mwenye maslahi. Mwanya unaweza kuhesabiwa kuwa ukiukaji wa mkataba, na benki nyingine hukata bima zenyewe na kuongeza gharama kwenye deni. Iarifu benki mara tu unapopata kava noti mpya. Wenye daladala, mabasi na magari mengine yanayohitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, nao wakumbuke kwamba bima ni sehemu ya masharti ya leseni hiyo.

Anayevuka mpaka kupitia Namanga, Rusumo au Tunduma anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika; kadi hiyo humkinga dhidi ya madai ya watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Kadi hii hujengwa juu ya bima ya nyumbani, kwa hiyo unapokata bima mpya omba na kadi mpya, na kabla ya safari linganisha tarehe za kuisha za zote mbili na siku unayotarajia kurudi.

Mwisho, ingiza tarehe mpya ya kuisha kwenye kalenda ya simu yako ikiwa na ukumbusho wa siku 14 kabla, na mwingine wa siku tatu kabla, kisha mpe tarehe hiyo mtu mwingine mmoja wa nyumbani. Kampuni nyingi hutuma ujumbe wa kukumbusha, lakini huutuma kwenye namba iliyo kwenye fomu, na namba hiyo pengine ni ya wakala au ya laini uliyoiacha zamani. Sahihisha hilo leo leo unapojaza fomu. Utakapohuisha kabla ya muda, omba bima mpya iandikwe kuanza pale pale ya sasa inapokoma, nawe hutapoteza hata siku moja uliyokwisha kuilipia.